UZI: Nyati wa kijivu, simba wa machungwa, majani yanayowaka. Turekebishe picha za porini bila kumpaka mnyama rangi

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Msimu wa nyumbu kuvuka mto unakaribia na kila mwaka ikifika wakati huu magrupu yanajaa picha za Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na za wenzetu upande wa Maasai Mara. Tukio linakuwa kali, fokasi ipo, mnyama kakaa vizuri, ila ukiitazama picha unakuta nyati kawa wa kijivu, yangeyange kawa mchafu kama shuka lililofuliwa na maji ya tope, simba kakolea machungwa na majani yana kijani ambacho Serengeti hakipo hata mvua inyeshe mwezi mzima. Inaniuma kwa sababu nyingi ya hizo picha ni za vijana wetu, madereva na waongoza watalii ambao wamekaa karibu na mnyama kuliko mpigapicha yeyote wa nje, alafu picha inaharibikia mezani.

Msimamo wangu nauweka mapema: tunarekebisha mwanga na tunarekebisha kosa la kamera, mnyama tunamwacha na rangi yake. Sisi tuna faida kubwa hapa. Mtu anayeediti akiwa Ulaya anakisia, sisi tunajua twiga wa Arusha ana madoa ya rangi gani, tunajua vumbi la Tarangire na majivu ya Ndutu, tunajua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndani ya kreta ya Ngorongoro mwanga una ubluu wa ukungu na haujawahi kuwa wa dhahabu. Hiyo kumbukumbu ya macho ndio kifaa cha kwanza kabla hata ya programu.

Sasa tuanze na chanzo cha tatizo. Kamera haijui inapiga nini. Kipima mwanga chake kinachukua mwanga wote unaorudi kutoka kwenye eneo na kuulazimisha uwe kijivu cha kati, kile wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Ukiijaza fremu na nyati kamera inaona giza limezidi, inaongeza mwanga, nyati anatoka kijivu kilichopauka na mgongo unaopigwa na jua unaungua. Ukiijaza na ndege weupe inaona mwanga umezidi, inapunguza, weupe unakuwa ukijivu. Kwahiyo hapo porini kabla ya yote zoeeni kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Nyati au tembo mweusi wa matope akijaa fremu toa moja (yani stopu moja, mwanga unapungua kwa nusu), ndege mweupe akijaa fremu jumlisha moja hadi moja na theluthi mbili. Lakini angalieni hapa maana ndipo wengi wanaangukia: ndege mweupe akiwa mdogo na nyuma yake kuna maji meusi au msitu, hesabu inageuka, unatoa, kwa sababu kamera imepima ule weusi wa nyuma na ndege wako ataungua. Kinachoamua ni kitu kipi kimejaa fremu.

Na pigeni RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Najua kadi inajaa haraka, najua kompyuta inalia, ila JPEG (picha ya kawaida iliyobanwa) inabeba ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi wakati RAW ya biti 14 inabeba 16,384. Na hizo ngazi hazijagawanywa sawa, nusu yake nzima, yani 8,192, ipo kwenye stopu moja ya juu kabisa, ile yenye mwanga mwingi zaidi. Maana yake ni kwamba picha uliyoipiga giza umeitupa sehemu kubwa ya taarifa, na ukija kuivuta juu nyumbani unavuta kutoka kwenye ngazi chache, ndo zinatoka chenga, yani vidoti vidoti. Upande wa pili, mwanga ukishapita ukomo hakuna kitu kilichoandikwa pale, ni nyeupe tupu, slaida ya hailaiti (sehemu zenye mwanga mkali) utaishusha hadi mwisho na utapata kijivu kisicho na manyoya. Kwahiyo lengo ni picha yenye mwanga mwingi kadri inavyowezekana bila kuunguza kitu chenye maana. Wingu likiungua silii, manyoya ya kifua cha furukombe (tai mlasamaki) yakiungua nalia.

Histogramu, ule mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kwenye picha, ndo inakwambia hayo, msiamini kioo cha nyuma cha kamera maana saa saba mchana juani kila picha inaonekana giza na usiku ndani ya hema kila picha inaonekana ina mwanga. Ila mjue histogramu ile imetengenezwa kutoka kwenye JPEG ndogo iliyo ndani ya RAW, kwahiyo kama umeweka staili ya rangi kali itakuambia umeunguza kabla hujaunguza. Wekeni staili ya kawaida isiyokolea, itasema ukweli zaidi. Na wekeni ile ya rangi tatu, nyekundu kijani bluu kila moja na mstari wake. Ile ya mstari mmoja inasikiliza zaidi kijani, kwahiyo ndege mwekundu anaungua huku mstari umetulia kabisa.

Mezani sasa. Mimi utaratibu wangu ni mwanga kwanza, rangi baadaye, alafu narudi tena kwenye mwanga. Sababu ni kwamba macho hayawezi kuhukumu rangi kwenye picha yenye giza, kila kitu kinaonekana kimekolea, ukirekebisha rangi pale alafu ukaja kupandisha mwanga unakuta simba kawa wa machungwa. Kwahiyo napandisha eksposha (mwanga wa picha nzima) hadi mnyama (sio mbingu) awe na mwanga wa saa ile, nashusha hailaiti kidogo, vivuli navigusa kidogo sana. Vivuli ndio ugonjwa wetu. Mtu anavuta slaida ya vivuli hadi mia, simba aliyekuwa chini ya mti saa sita anaonekana kama... sina hata neno, hana kivuli, hana uzito, hajakaa chini ya mti tena. Na vivuli vikivutwa sana vinaleta chenga na uzambarau.

Baada ya hapo waitibalansi, yani kurekebisha rangi ya mwanga ili cheupe kionekane cheupe. Kwenye RAW haijagandishwa, unaibadilisha utakavyo bila hasara, kwenye JPEG imeshachomwa ndani. Kuna slaida mbili, joto inayokwenda bluu hadi manjano, na tinti inayokwenda kijani hadi zambarau. Watu wanacheza na joto tu, tinti wanaiacha, na nusu ya matatizo yetu yapo kwenye tinti. Jua la mchana lipo kwenye 5,200 hadi 5,500 kelvini, kivuli kinaweza kufika 7,000 hadi 8,000, taa za zamani za manjano ni 2,700 hadi 3,200 hivi. Kwenye programu ukipandisha namba picha inaelekea manjano, msichanganyikiwe, pale unaiambia programu "mwanga ulikuwa wa bluu kiasi hiki, fidia".

Kosa kubwa ni kamera ikiwa kwenye oto wakati wa alfajiri na magharibi. Oto kazi yake ni kuondoa rangi ya mwanga, kwahiyo ile dhahabu ya saa kumi na mbili jioni, ambayo ndo mgeni amelipia kuja kuiona, oto inaifuta na kukupa mchana wa kawaida. Wekeni alama ya jua siku nzima, asubuhi hadi jioni. Picha za alfajiri zitatoka na rangi ya alfajiri, na ukifika mezani una msingi mmoja wa kuanzia badala ya kila picha kuwa na yake.

Naishia hapa kwanza niwaache mchangie, rangi moja moja na kumaski (kuchagua sehemu moja ya picha na kurekebisha hiyo tu) nitaendelea nazo huku chini. Ulizeni, tena wekeni mifano.

#2 Binti Usa River

Asante mkuu, hili la tinti sikuwahi kuligusa kabisa. Mimi naenda sana Arusha National Park kupiga mbega na kila picha ya mbega inatoka na ukijani kwenye ule mkia mweupe, nilidhani ni lenzi yangu ya bei rahisi. Ni majani?

#3 Mtoto wa Kwa Mrombo

nipo siti ya mbele, mimi natumia simu tu, ile programu ya kuediti ya Snapseed. kuna chochote humu kwa ajili yetu au hadi kompyuta

#4 Mleta uzi

Dada wa Usa, ni majani, lenzi yako haina kosa. Mwanga unaomfikia mbega umepita kwenye majani na umegonga majani mengine mara nyingi kabla haujafika, umeshakuwa wa kijani. Ni hivyohivyo kwa sokwe wa Gombe na Mahale na kwa kima punju wa Jozani kule Unguja. Peleka tinti upande wa zambarau, anza na kumi, nenda hadi ishirini na tano ukiangalia ule mkia peke yake, usiangalie majani maana majani yatakudanganya. Mkia ukipoteza kijani simama hapohapo. Usiufikishe kuwa mweupe wa karatasi, mbega anaishi msituni, ukijani kidogo ni haki yake. Alafu mbega ana tatizo la pili, weusi mtupu na weupe mtupu kwenye mnyama mmoja na jua linapenya kwa madoa madoa. Pima kwa ajili ya weupe, weusi utauvuta mezani kwenye RAW, sensa za kisasa zinavumilia stopu mbili bila shida.

Kijana wa Kwa Mrombo, kipo. Kama simu yako ina hali ya pro inayotoa DNG (aina ya RAW), piga hiyo, Snapseed inaifungua na unapata waitibalansi halisi na eksposha halisi. Kama inatoa JPEG tu basi nguvu zote ziweke wakati wa kupiga, gusa kioo juu ya sehemu yenye mwanga mkali zaidi kwa mnyama alafu telezesha kidole chini hadi manyoya yaonekane. JPEG yenye giza kidogo inaokoka, JPEG iliyoungua haiokoki. Ndani ya Snapseed nenda kwenye curves (ule mstari wa kupandisha na kushusha mwanga), vuta katikati juu kidogo sana, alafu tumia ile ya kuchagua sehemu, gusa uso wa mnyama na ongeza mwanga pale tu. Na kabla ya yote zima ile taa ya usiku inayofanya kioo kuwa cha manjano, na kama simu ina hali ya rangi kali kwenye mipangilio ya kioo weka ya asili. Ukiediti kwenye kioo cha manjano utapeleka picha kwenye bluu na wenzio wataiona bluu.

#5 Mdau wa Voi

Sasa mimi niko huku Voi Kenya na nina swali la ukweli. Ndovu wetu wa Tsavo ni wekundu. Nikiedit na ile kidude ya kuchagua kijivu, nikibonyeza kwa ndovu, picha yote inageuka bluu, mpaka nyasi. Na nikiiacha vile iko watu wa Nairobi wananiambia nimezidisha saturation. Nifanye?

#6 Mleta uzi

Ndugu wa Voi, swali lako ndio kiini cha huu uzi mzima, ngoja nilijibu kwa urefu.

Tembo wa Tsavo ni wekundu kweli, kwa sababu udongo wa Tsavo una chuma iliyoshika kutu na wao wanajimwagia vumbi lile na kugaagaa kwenye matope yake kila siku. Ni tembo walewale wa savana, Amboseli pale jirani wanatoka wa kijivu cha majivu kwa sababu vumbi la pale ni jeupe jeupe. Kwahiyo ukibonyeza kile kidude kwenye tembo wa Tsavo unaiambia programu "huyu ni kijivu", yenyewe inatii, inaondoa wekundu wote kwenye picha na kujaza bluu. Kosa ni la mahali ulipobonyeza.

Tafuta kitu cha kijivu kweli. Lami ya barabara kuu kama imo kwenye picha ya siku ile, jiwe la kijivu, bodi ya gari la kijivu au nyeupe iliyo kwenye mwanga uleule. Mimi nawaambia vijana wabebe kadi ya kijivu, inaingia mfukoni, unaipiga picha moja mnapofika eneo jipya au mwanga ukibadilika, mezani unabonyeza kadi ile na kunakili waitibalansi kwenye picha zote za eneo lile. Msibonyeze meno ya tembo, yana umanjano. Msibonyeze weupe wa pundamilia, umejaa vumbi. Msibonyeze yangeyange aliye kivulini, amepakwa bluu na anga. Na kadi yenyewe msiitumie kwa picha za machweo, itafanya kazi ileile ya oto, itafuta dhahabu.

Kuhusu watu wa Nairobi, piga na RAW uitunze. Mtu akikuambia umezidisha, mwonyeshe. Hii sio kwa rangi ya udongo tu. Mnakumbuka yule twiga mweupe wa Tarangire waliyempa jina Omo, picha zake zilisambaa mwanzoni mwa 2016? Sio albino, ni ile hali ya upungufu wa rangi kwenye manyoya, na watu mitandaoni walisema imeeditiwa. Akaja yule mtoto wa pundamilia wa Maasai Mara, Septemba 2019, mweusi mwenye vidoti vyeupe, wakampa jina Tira kutokana na mwongoza watalii aliyemwona, na wakasema tena ni kompyuta. Wanyama wa ajabu wapo kwetu, na wewe uliyepiga ndiye shahidi. Ukiwa na tabia ya kumpaka rangi kila simba, siku ukimpiga mnyama wa ajabu kweli hakuna atakayekuamini. Hata mashindano makubwa ya picha za wanyamapori ukifika hatua za mwisho wanadai faili la RAW walilinganishe.

#7 Nyati Dume

Mkuu nakuheshimu ila hapa tunabishana. Mteja anataka picha inayowaka. Instagram picha ya kijivu haipati hata like kumi. Mimi natumia priseti moja, naigonga kwenye picha zote za safari nzima, mgeni anafurahi, analipa, anaondoka. Haya ya kadi ya kijivu ni ya wenye muda.

#8 Babu wa Hifadhi

Na mimi naona tofauti kabisa na wote. Zamani tulipiga slaidi za filamu, ukikosa umekosa. Picha ya mnyama isiguswe kabisa, ikiguswa imeshakuwa uongo.

#9 Mleta uzi

Nyati Dume, hilo la mteja nalielewa, wote tunakula kupitia wageni. Lakini priseti ni nini? Ni namba za mtu mwingine kwa picha yake, kwa mwanga wake. Aliyeitengeneza kwa simba wa magharibi ameongeza machungwa kwa sababu palikuwa na machungwa. Wewe unaigonga kwa faru wa kreta asubuhi ya ukungu, faru anakuwa wa kahawia na ukungu unakuwa wa njano. Safari moja ya Ndutu, Tarangire na Ngorongoro ina udongo wa aina tatu na mwanga wa aina zaidi ya hizo. Kama ni muda, fanya hivi: tengeneza picha moja vizuri kwa kila eneo na kila mwanga, alafu nakili mipangilio yake kwa picha za palepale. Kasi ni ileile ya priseti yako na rangi ni za kweli. Na mgeni akirudi kwao akaweka ukutani picha ambayo simba ana rangi ya simba, ataiangalia miaka, hatachoka nayo. Hili nalisema kwa moyo wote.

Mzee wangu Babu shikamoo. Filamu nayo ilikuwa na rangi zake mzee, kulikuwa na filamu zinazokoleza kijani na nyekundu na nyingine zinapoza, na maabara nao walikuwa wanachagua namna ya kuisafisha. Hata JPEG isiyoguswa imeshaguswa, kamera yenyewe imeamua waitibalansi, imeamua ukali, imeamua rangi. Mimi naona afadhali aamue mtu aliyekuwepo pale na kumwona mnyama kwa macho.

#10 Babu wa Hifadhi

Marahaba. Hapo kwenye kamera kuamua umenigusa, sikulifikiria hivyo. Endelea kijana.

#11 Mleta uzi

Naendelea na rangi moja moja maana niliahidi.

Ile sehemu ya rangi nane kwenye programu, kila rangi na slaida tatu, aina ya rangi, ukolezo na mwangaza wake. Jambo la kwanza: majani ya kwetu kwenye picha mengi yamekaa kwenye manjano, kijani ni kidogo. Ndo maana mtu anashusha kijani, majani hayabadiliki, anachanganyikiwa. Shusha ukolezo wa manjano. Lakini simba, duma na swala pala nao wamekaa kwenye machungwa na manjano, kwahiyo ukishusha manjano sana simba anapauka. Hapo ndo unatumia maski, chagua mnyama, geuza ili maski iwe kila kitu isipokuwa yeye, alafu shusha manjano huko nje. Bluu vilevile, ukiivuta chini ili mbingu ikolee unaharibu kichwa cha bluu cha kanga na yule ndege maarufu mwenye kifua cha zambarau na mbawa za bluu, na pembeni ya milima inatokea pete nyeupe na chenga. Mbingu ya mchana wa kiangazi ni nyeupe yenye vumbi, ndivyo ilivyo.

Maski ya mnyama nayo ina mtego. Ukimpa mnyama mwanga peke yake anaonekana kabandikwa. Mpe kidogo, alafu chora maski nyingine laini juu ya ardhi aliyosimama, mpe nayo nusu ya ule mwanga, miguu itakaa chini. Zoom hadi asilimia mia uangalie masikio na manyoya ya shingo, pete ikionekana rudi nyuma.

Flamingo nawasemea peke yao kwa sababu wanauawa sana. Upinki wao unatoka kwenye chakula, vile vijimea vidogo vya ziwa vyenye rangi ya karotenoidi, na unatofautiana. Flamingo mdogo wa Natron amekolea na mdomo wake ni mwekundu wa giza, flamingo mkubwa ni mweupe mweupe na upinki upo zaidi mbawani, makinda ni ya kijivu. Mtu akivuta ukolezo wote wanatoka rangi moja, mkubwa kwa mdogo, mzazi na kinda, taarifa yote imekufa. Na ule upinki ukivutwa kidogo tu njia ya nyekundu inaungua, manyoya yanakuwa bapa. Angalieni histogramu ya nyekundu, ikigusa ukuta wa kulia shusheni eksposha au joto, maana waitibalansi yenyewe ukiipasha joto inapandisha nyekundu, ndo sababu nilisema baada ya rangi narudi tena kwenye mwanga.

Ukungu na vumbi la mchana, kile kifaa cha kuondoa utando ni kizuri kikiwa kumi au kumi na tano, zaidi ya hapo kinakoleza rangi na kutia giza na kupeleka vivuli kwenye bluu. Yale mawimbi ya joto yanayotetemesha picha ya duma wa mbali saa saba hayaondoki kwa programu yoyote, sogea karibu au subiri jua lishuke.

Kwa wasio na hela ya kulipia kila mwezi, programu za darktable na RawTherapee ni za bure kabisa na zinafanya mengi ya niliyosema, ila darktable inataka uvumilivu mwanzoni.

#12 Mtoto wa Kwa Mrombo

mkuu DNG imekubali, aisee tofauti ni kubwa mno. swali, nikituma whatsapp rangi zinakufa, kwenye simu yangu zipo vizuri

#13 Mleta uzi

Vitu viwili. WhatsApp inaminya picha, tuma kama dokyumenti sio kama picha. Cha pili angalia ulipo-export umechagua nafasi gani ya rangi, kwa simu na mitandao weka sRGB. Ukituma ya Adobe RGB programu isiyoielewa inazisoma vibaya na rangi zinapoa. Ukichapisha kwenye kanvasi jiandae itoke giza kuliko kioo, kioo kinatoa mwanga chenyewe, kanvasi inarudisha tu. Punguza mwanga wa kioo unapoediti kwa ajili ya kuchapisha na uchapishe kipande kidogo kwanza kabla ya ile ya mita moja.

#14 Nyati Dume

Nimejaribu ile ya kunakili kwa kila eneo, picha za wageni wa juzi. Nakiri faru wametoka vizuri kuliko priseti. Sasa nina moja inanitesa, tai mlasamaki anainuka na samaki, maji meusi nyuma, kichwa cheupe kimeungua kidogo. Nimeshusha hailaiti kichwa kimerudi ila mwili na mbawa zimeingia giza, kahawia yote ya begani imepotea. RAW ipo.

#15 Mleta uzi

Safi sana. Furukombe ndio ndege mgumu kuliko wote kwa jambo hili, kichwa na kifua cheupe, mbawa nyeusi, bega la kahawia iliyoiva, na maji meusi yameidanganya kamera iongeze mwanga. Siku nyingine maji yakiwa meusi hivyo toa moja kabla hajaruka.

Kwa hii uliyonayo, rudisha hailaiti ya picha nzima karibu na sifuri, usiibebeshe kichwa peke yake kazi ya picha yote. Shusha eksposha ya jumla theluthi moja. Tengeneza maski ya brashi kwenye kichwa na kifua, humo ndani ndo ushushe hailaiti, na uangalie njia zote tatu za rangi, kama nyekundu tu ndo imegusa ukuta basi manyoya bado yapo kwenye kijani na bluu na yatarudi. Zikiwa zimegusa zote tatu, pale palipoungua hakuna la kufanya, paache peupe, usipake kijivu. Alafu maski ya pili kwenye mbawa na bega, pandisha vivuli ishirini hivi, machungwa ongeza mwangaza wake na usiguse ukolezo, ile kahawia itatokea yenyewe. Maji yaache meusi. Ukimaliza export sRGB uitume humu kama dokyumenti pamoja na RAW, tuione zote mbili.